Uvimbe wa Figo Unaoonekana kwa Bahati

Wiki iliyopita dada mmoja wa Moshi aliniandikia kwamba mume wake, aliyekwenda kupimwa mawe ya nyongo, amekutwa na uvimbe wa sentimita 3 kwenye figo, na kwamba ukoo umeshaanza kuzungumzia kuuza sehemu ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ili apelekwe India. Nilimjibu usiku uleule, kwa sababu hofu hiyo naijua.

Miaka sita iliyopita nilisumbuliwa na kiungulia. Katika zahanati moja ya hapa Arusha nilipigwa ultrasaundi ya tumbo, nikaambiwa sina tatizo kubwa, nikapewa dawa na kurudi dukani kwangu Kilombero. Miezi minane baadaye, tulipokuwa tukitafuta kadi ya bima, binti yangu aliyekuwa kidato cha sita alifungua ile bahasha ya majibu na kusoma mstari wa mwisho: uvimbe wa sentimita 2.9 katika figo ya kushoto, mgonjwa afanyiwe kipimo cha CT, yaani picha za mionzi za ndani ya mwili. Nakiri kwamba jambo hilo linaniuma hadi leo, kwani muda wote huo saratani ilikuwa mwilini mwangu na taarifa yake ilikuwa kabatini, wala hakuna aliyenitamkia neno.

Kipimo cha CT kilionyesha sentimita 3.1. Nilifanyiwa upasuaji Moshi, ukatolewa uvimbe pamoja na sehemu ndogo tu ya figo, na figo iliyobaki inafanya kazi mpaka sasa.

Ndugu msomaji, saratani ya figo hukaa kimya. Mkojo wenye damu, maumivu ya ubavuni na uvimbe unaoshikika kwa mkono ni dalili zinazokutana kwa mgonjwa mmoja kwa nadra sana, na mara nyingi zikikutana ugonjwa umekwisha kukomaa. Ndiyo maana kuonekana kwa bahati ni neema. Kumbukumbu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ikiwa bado ndani ya figo, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai baada ya miaka mitano. Ikishasambaa mbali, hawafiki 20. Tena uvimbe mdogo usiozidi sentimita 4, takriban mmoja kati ya mitano si saratani kabisa, na kwa mzee mwenye maradhi mengine daktari anaweza kuamua kuufuatilia kwa vipimo badala ya kumpasua, kwa kuwa mwingi hukua milimita chache tu kwa mwaka.

Kwa hiyo soma majibu yako. Kama hujui lugha iliyotumika, mpe mtoto wako akusomee, kisha umuulize daktari mstari kwa mstari, hata akikunja uso. Omba kuonana na bingwa wa mfumo wa mkojo kabla ya kuuza chochote. Narudia: soma majibu yako yote, hasa mstari wa mwisho.

Jana yule dada ameniandikia tena. Kipimo cha CT ni Jumatano ijayo, na amempigia simu shemeji yake aliyekuwa akitafuta mnunuzi wa kihamba amwambie asubiri.