Kwa mdomo anajibu vizuri, kusoma hawezi: ni mvivu?

SWALI: Nafundisha darasa la nne, Singida. Nina mwanafunzi wa miaka 11 anayejibu kwa mdomo kuliko wenzake wote, lakini akishika kitabu anakokota silabi moja moja, na kwenye "ng'ombe" anakwama kabisa. Ofisini wanasema ni mvivu, achapwe. Mama yake anaamini karogwa. Nifanyeje, na mtihani wa taifa atauweza?

JIBU: Mwalimu, umeona sawasawa. Apimwe kwanza macho na masikio. Yakiwa mazima, unayoyaeleza yanafanana sana na disleksia: ubongo unapata taabu kuoanisha herufi na sauti, hata kwa mtoto mwenye akili nzuri na bidii.

Kwa Kiswahili tatizo hili hujificha. Tunaandika kama tunavyotamka, kwa hiyo neno hatimaye atalipata. Kinachomsaliti ni mwendo. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshampotea. Wengine hukariri. Niliwahi kumfundisha binti aliyesoma ukurasa mzima bila kosa. Nilipomwonyesha neno moja la katikati, akabaki kuniangalia. Alikuwa ameshika alichosoma jirani yake. Kiingereza ndicho huwaumbua zaidi, maana maandishi yake hayafuati matamshi.

Kuanzia kesho usimsimamishe kusoma mbele ya darasa, na fimbo iwekwe chini: mtoto mwenye hofu husoma polepole zaidi. Kila siku mpe dakika kumi peke yake. Kata kadi za silabi, aguse na kutamka: ma, mba, mbwa, nga, ng'a. Usivuke silabi mpaka aitamke bila kusita. Akisoma, aweke kipande cha karatasi chini ya mstari. Maarifa na sayansi muulize kwa mdomo, umpe alama zake zote.

Kuhusu mtihani, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mwone mwalimu mkuu na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri mapema, mtoto afanyiwe upimaji na taarifa zake ziandikwe kabla ya usajili.

Mama naye mwite shuleni. Akae nyuma ya darasa, amsikie mwanawe akijibu.