Miche ya nyanya fupi inayolala baada ya kuota

Ndugu yangu wa Tabora, umeuliza kwa nini miche yako ya nyanya inalala. Miche inayolegea shinani na kulala siku chache baada ya kuota imepata kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche mchanga. Kinachokichochea ni maji mengi na msongamano. Iliyolala haiponi, ing'oe.

Sia upya mbegu za nyanya fupi, aina ya Tanya au Roma VF, kina sentimita 1, mistari iachane sentimita 15, kwenye udongo mpya wenye samadi iliyooza kabisa. Funika kwa nyasi na mwagilia asubuhi. Ikiota, ondoa nyasi hizo siku hiyohiyo. Ikifikisha majani manne au matano, hamishia kwenye ndoo ya lita 10 iliyotobolewa chini.

Tafadhali usichote udongo uliolimwa tumbaku: ni jamii moja na nyanya, magonjwa yao mengi ni yaleyale. Mche mkubwa ukinyauka ghafla ungali kijani, mwite bwana shamba kabla ya kupanda tena hapo. Huenda ni mnyauko bakteria, nao hauna dawa.