Mleta uzi tulia hapo hapo, usimchukue huyo dogo Ijumaa

Mleta uzi weka simu chini kwanza, Ijumaa usiende kokote. Nimesoma ulivyoandika, kwamba kila ukitoka kazini unapita Mwanjelwa hapa Mbeya unamkuta yule mtoto anamwongoza babu kipofu kwa fimbo, roho inakuuma, sasa Ijumaa unataka umchukue ukae naye kwako Soweto, Januari aanze shule, ukauliza sare na madaftari vitakula shilingi ngapi, umwingize darasa la ngapi, babu umwachie mtaji wa kiasi gani, halafu ukamalizia na "wakuu mwaka huu umewafunza nini". Na chini yako watu wamejipanga, ubarikiwe mkuu, Mungu atakulipa mkuu, moyo kama wako ni adimu mkuu. Hao wote hakuna hata mmoja atakayekuja kukuwekea dhamana.

Mnisamehe naandika na hasira kidogo, mana hiyo filamu mimi nimeshaicheza, tena nilikuwa steringi.

Kuna mtumishi mmoja, kanisa silitaji, mwaka jana mwezi kama huu alikuwa anahubiri habari za kufunga mwaka, akasema humu ndani kuna mtu Mungu kamwonyesha mtoto barabarani na amekaza shingo, mlango wake wa mwaka mpya haufunguki mpaka amtoe huyo mtoto. Sasa mimi siku moja kabla nilikuwa nimempa dogo mmoja mia tano pale Kabwe, babu kipofu nyuma, dogo mbele, fimbo katikati. Nikajua ni mimi ninayesemwa. Kumbe nusu ya kanisa inapita Kabwe kila siku, lakini ukishakaa viti vya mbele kila neno unaona limekuja kwako. Baada ya ibada nikamfuata, nikamweleza, akanishika bega akasema "usichelewe, mzee baba, neema ina muda wake". Hakuniuliza huyo mtoto ni wa nani. Hata mimi sikujiuliza.

Nikafanya uchunguzi, yani nilivyouita mimi uchunguzi: nikamuuliza fundi viatu anayekaa pale jirani. Akaniambia huyo hana baba wala mama, babu kamwokota tu. Basi, faili likafungwa. Leo ukimuuliza fundi anakwambia yeye alikuwa anazungumzia mtoto mwingine.

Siku ya kumchukua nikaazima gari la shemeji, nikampa babu elfu hamsini nikamwambia hii ni mtaji, uza hata karanga. Kipofu. Peke yake. Akauze karanga Kabwe, chenji anamwangalizia nani? Babu akazipapasa zile noti moja moja akazikunja akazificha kwenye soksi, hakusema ahsante wala nini, alisema tu "haya chukua, ila mama yake mdogo atauliza". Mimi nikasikia chukua, hayo mengine yakapita. Nikampakia dogo tukaondoka, redio iko juu, najiona malaika wa barabara ya Tunduma.

Dogo mwenyewe mpole hana shida. Wife akamwogesha, akamtafutia sweta la mtoto wetu mkubwa, akala wali maharage akaongezwa, akalala. Alfajiri saa kumi na moja nasikia komeo linachezewa, natoka namkuta kashavaa, kasimama mlangoni kashika ufagio, yeye kashika kule kwenye majani, mpini kauelekeza nyuma yake kama kuna mtu atakayeushika. Ananiuliza, "Anko, leo tunaanzia wapi, sokoni au kanisani?" Wife akakimbilia chumbani kulia. Mimi nikaona ndo ushahidi kwamba nimemwokoa. Mtu mwenye akili angejiuliza mtoto anayejua ratiba ya kazi kwa siku namna hii nani kamwajiri, na anamlipa nani.

Jibu nililipata baadaye kwa gharama: analipwa mama mdogo. Elfu tatu kwa siku, babu anatoa jioni kabla hata ya kununua dawa yake. Dogo hakuwa mtoto wa mtaani kabisa, alikuwa ana kwao, ana godoro lake, jioni anarudi anakula ugali kwa mama mdogo. Mama mzazi yupo hai mzima wa afya, alikuwa kaenda Ubaruku kwenye vibarua vya kupandikiza mpunga, akamwacha mtoto kwa mdogo wake akijua anasoma. Na kweli alikuwa kaandikishwa, darasa la tatu, ana namba yake ya PREM, ile ya usajili wa wanafunzi, kama watoto wengine, ila mtoro. Dalili niliipata nilipompeleka shule ya karibu na kwangu nikajidai nimekuja kuandikisha, mwalimu mkuu akaniomba jina la mzazi, shule anayotoka, na barua ya mtendaji. Sina hata kimoja. Mwalimu akaniangalia, akamwangalia mtoto, akafunga daftari. Hapo nilitakiwa nigeuze gari niende moja kwa moja ustawi wa jamii. Nikaenda kumnunulia viatu.

Sasa hapa mleta uzi soma taratibu.

Huku kwetu nyanda za juu mtoto asiporudi jioni watu hawasemi kapotea. Wazee wa Mbeya bado wanakumbuka habari za kuchuna watu ngozi za miaka ya tisini mwishoni, na Njombe hapo, mwishoni mwa 2018 kuingia 2019, watoto waliuawa kweli, siyo hadithi, nchi nzima iliongelea. Haya sasa, mwanaume asiyejulikana, gari la kuazima, anampa mzee hela mbele za watu, anampakia mtoto wa mtu anaondoka naye. We ungekuwa bodaboda pale kijiweni ungesemaje? Taarifa iliyomfikia mama mdogo ilikuwa fupi tu, mtoto kauzwa elfu hamsini.

Walikuja jioni mvua inanyesha, pikipiki zimepangana getini, wengine siwajui wameshika vitu ambavyo sikutaka kuvitazama mara mbili. Natoka na ndala najaribu kueleza habari za neema na mlango wa mwaka mpya, sauti haitoki. Aliyeniokoa ni bibi mmoja balozi wetu, kafunga kanga kichwani kwa ajili ya mvua, kaja kasimama kati yangu na wao akasema, "Huyu namfahamu, ni mjinga tu, siyo muuaji." Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile. Mpaka leo nikikutana naye namshikia kikapu.

Polisi wakaja, na kwa kweli nilipanda difenda kwa furaha. Kituoni mama mdogo kashika RB, ile namba ya taarifa ya polisi, kesi imeandikwa wizi wa mtoto. Afande wa kaunta kaniuliza maswali mafupi tu, barua ya mtendaji ipo? Hakuna. Ustawi wanajua? Hawajui. Mzazi kakupa ridhaa? Babu alisema chukua. Babu ndo mzazi? Siyo. Sasa nani anajua kwamba una huyu mtoto? Nikamwambia afande, Mungu anajua. Akaandika!

Nikampigia mtumishi. Akapokea, akasema tuombe. Tukaomba, salio likaisha. Nilipopata vocha nikapiga tena haikupokelewa, na hata nilipotoka nikaenda kumwona akaniambia kwamba yeye alitoa neno la jumla, kila mtu anapaswa kulipima neno. Elfu hamsini ya babu hakuipima, sadaka yangu ya shukrani hakuipima, ila mimi nilitakiwa nipime. Haya.

Mama mzazi alifika kesho yake kutoka Ubaruku, tope la jaruba halijakauka miguuni, hajabadilisha hata kanga. Hakunitukana wala hakupiga kelele. Alimvua mtoto sweta pale pale kaunta, akamgeuza mgongo, akamtazama tumbo, akamhesabu vidole vya mikono akashuka akamvua vile viatu vipya akahesabu vya miguu, chumba kizima kimenyamaza, na alipomaliza akaanza upya. Wakuu mimi nimepigiwa kelele na mabosi, nimefukuzwa nyumba ya kupanga, hakuna kilichonishusha kama kumwangalia yule mama anavyohesabu.

Yaliishia kwenye meza ya Dawati la Jinsia na Watoto, afisa ustawi akaitwa, mama akasema hana haja ya kesi anataka mtoto wake. Ila nauli zake, siku zake za kibarua, gharama za ndugu waliotafuta mtoto usiku kucha na mambo mengine ambayo risiti zake hazipo, nililipa, ukijumlisha yote ilizidi milioni. Ada ya mwanangu ya Januari ndo ilikuwa imelala humo. Na mtaani mpaka leo nikimpa mtoto wa jirani peremende, mama yake anamwita ndani.

Na babu? Nilipopita Kabwe baadaye nilimkuta ana mtoto mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza. Nikamwamkia, akanijua kwa sauti, akasema, "Mwanangu, ulinichukulia macho hukuniuliza nitarudije nyumbani." Ile elfu hamsini alimlipa mama mdogo siku tatu za mwanzo akidhani mtoto anarudi, nyingine ikaenda kwa bajaji. Kwa hiyo hesabu yangu ya huruma: nilimtoa mmoja aliyekuwa anarudi kwao jioni, akaingia mwingine mdogo zaidi.

Kwa hiyo we unaniuliza darasa la ngapi, mi nakuuliza huyo dogo analala wapi? Jina la mama yake nani? Hujui. Basi hujaanza. MTOTO HAHAMI BILA BARUA. Andika hiyo ukutani, itie kwenye sikrini ya simu. Usimpandishe hata bajaji.

Na usidhani ni urasimu tu wa watu wa ofisini. Kumtoa mtoto kwa mlezi wake halali bila ridhaa ni jinai, moyo wako uwe mzuri au mbaya. Na kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, mle ndani kuna utaratibu wa malezi ya kambo kabisa, unaomba kupitia ustawi wa jamii, wanakuja kwako wanaangalia unapoishi, wanaongea na wife, wanawatafuta ndugu wa mtoto kwanza, mana mara nyingi ndugu wapo. Hiyo sheria hiyo hiyo inasema umri wa chini wa mtoto kufanya kazi ni miaka 14, kwa hiyo huyo mama mdogo na babu nao wana la kujibu, ila siyo kwako, kwako hawana la kujibu, we ni mpita njia. Na Kanuni ya Adhabu ina kifungu cha anayeomba hadharani na anayemtuma mtoto akaombe, lakini ukienda na hicho kichwani utaishia kumfungisha kipofu, sasa sijui ndo ulichotaka.

Kama huna muda wa kuzunguka piga 116, ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, waeleze umemwona wapi na saa ngapi. Hata ukiwa bado unataka kumsomesha, msomeshe akiwa kwao. Shule za serikali ada hakuna tangu 2016, kinachowakwamisha ni sare, madaftari, michango ya chakula, na hiyo elfu tatu ya kila siku ambayo nyumba inaitegemea. Ungeongea na mama mzazi, mbele ya mtendaji, hata kwa nusu ya hela iliyonitoka mimi dogo angerudi darasani na watu wangekuamkia barabarani. Babu naye kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, mbili kati ya hizo ni za wenye ulemavu, kuna TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, wajuzi wa hayo watakuja kukuelekeza, mi huko sikufika, niliishia kwenye karanga.

Bei za sare waulize wanaouza soko la SIDO. Lile la mwaka umetufunza nini nitarudi, nishaandika sana na wife ananichungulia, siku hizi ananiita Mheshimiwa Kamishna wa Ustawi.

We Ijumaa pita Mwanjelwa kama kawaida, msalimie babu, mpe mia tano yake, muulize tu wanakaa mtaa gani. Jumatatu asubuhi mapema nenda ofisi ya mtendaji wa mtaa huo, siyo wa kwako Soweto, wa huko anakolala mtoto. Usiende na dogo. Usiende na mtumishi. Na wahi kabla ya Krismasi, mana hizo mihuri Desemba inaendaga likizo pamoja na wenyewe.