Nairobi hadi New York: mmesahau upepo

Swali lenu la wiki hii, kwamba kutoka Nairobi hadi New York ni heri ndege ya moja kwa moja au ya kuunganisha, nilitaka kulijibu kwa mkato: moja kwa moja. Tangu Kenya Airways ianze safari hiyo Oktoba 2018, ya nini tena kuzunguka? Lakini mkaongeza kwamba ni kilomita 11,850 hivi, "gawanya kwa mwendo wa ndege upate muda". Hapo mmenichokoza.

Hesabu hiyo nimeshakesha nayo. Jirani yangu kwenye ndege alikuwa mwalimu mstaafu, anakwenda kuwaona wajukuu. Kabla hata hatujafunga mikanda, alikuwa ameandika nyuma ya bodingi pasi yake: 11,850 gawanya kwa 900, mwendo wa ndege kwa saa: saa 13 na dakika 10. Mhudumu akamwambia kwa upole, "Mzee, rubani amesema karibu saa 15."

"Rubani naye amegawanya kwa ngapi?"

Basi akaanza kuivizia ile skrini ya ramani. Kwanza alilalamika tumepotezwa. Kwenye ramani ya ukutani, alisema, ukiweka rula kati ya miji hii miwili inapita Nigeria. Sasa Algeria tunatafuta nini? Nikafungua mdomo nimweleze, akanizuia kwa kiganja. Akafikiri. "Aa. Ramani ni bapa, dunia ni mviringo. Huku juu ndiko karibu." Akaridhika, akalala.

Aliamka tuko juu ya Atlantiki, mwendo umeshuka hadi 770. Akakata hesabu ya kwanza, akaandika nyingine pembeni. Baadaye 790, akakata tena. Bodingi pasi ikajaa mpaka kwenye namba ya kiti. Nikamwambia, "Mzee, ni upepo. Huko juu unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi yao ndiyo huzidi. Ndege mwendo wake ni uleule, ila inasukumwa nyuma."

"Kwa hiyo kurudi nitasukumwa mbele?"

"Ndiyo. Unaokoa kama saa nzima."

"Mbona nauli ya kurudi hawapunguzi?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Sasa nikiandika haya naona jibu langu la mkato linayumba. Saa 15 kwenye kiti kimoja, magoti yamegusa kiti cha mbele, halafu foleni ya uhamiaji! Ukipitia London unaongeza kilomita kama 500 tu: Nairobi hadi London ni 6,830 hivi, London hadi New York 5,540. Angani ni takriban saa 17 badala ya 15, lakini katikati unanyoosha miguu. Kwa hiyo kwenda, nikiwa na uhakika karatasi za kupitia ziko sawa na muda wa kusubiri hauzidi saa tatu, nitapitia London. Kurudi ni moja kwa moja, hapo sibishani.

Dubai ndiyo siielewi. Unaanza kwa kwenda kando, kaskazini mashariki, ndipo ugeuke, na jumla inapita kilomita 14,500. Isipokuwa nauli iwe imeshuka kweli kweli. Mwanafunzi anayejilipia mwenyewe asinisikilize.