Naogopa maji, na Ijumaa navuka

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni hofu gani unayoishi nayo kila siku, na kumtegemea Mungu kunakusaidia vipi kuikabili?"

Yangu ni maji. Nafundisha shule ya msingi kisiwani Ukara, mume na watoto wako Nansio, kisiwa jirani cha Ukerewe, na katikati yetu lipo Ziwa Victoria. Ijumaa nikimaliza vipindi nashuka gatini Bwisya, navuka mpaka Bugolora, halafu natafuta gari la Nansio. Jumapili baada ya ibada narudi njia ileile. Kuogelea sijui. Watu wakisikia nakaa kisiwani hudhani mimi ni nusu samaki, kumbe nimezaliwa Kwimba, na maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe.

Najua wapo watakaowaandikia kwamba waliomba usiku mmoja, asubuhi hofu haipo. Sibishani nao, Mungu ana njia zake. Mimi nimefunga, nimeombewa, nimewekewa mikono mara mbili, na bado chombo kikianza kuyumba tumbo linanikaza na viganja vinalowa. Hata nauli huwa natoa mapema, maana tukishafika katikati vidole havinitii kufungua pochi.

Wala sio hofu ya hewani. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 nilikuwa na mwaka mmoja tu Ukara. Alhamisi ni siku ya gulio Bugolora, na watu walikuwa wanarudi na mizigo yao katika kivuko cha MV Nyerere. Kilikuwa cha kubeba watu 101. Kilipinduka mchana, kimebakiza mita chache kufika gatini, watu wa nchi kavu wanakitazama. Waliokufa walizidi 220. Jumamosi wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, kisiwa kizima kikapiga kelele za furaha, na Jumapili tukazika pale Bwisya. Wiki iliyofuata nikiita mahudhurio kulikuwa na majina ambayo darasa zima lilikuwa linanyamaza nikiyafikia. Kabla yake wazee walikuwa na meli ya MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996, karibu na Mwanza. Kwa hiyo mtu akiniambia "Mwalimu, usiogope, hakuna kitu," namwitikia kwa adabu tu.

Kwa miaka mingi niliamini hofu hii ni dhambi yangu. Mimi ni kiongozi wa maombi wa akina mama kanisani. Nawezaje kusimama mbele ya wenzangu niseme Bwana ni mchungaji wangu, halafu Ijumaa nashikilia ubao wa kivuko mpaka kucha zinauma? Nikawa naficha. Navaa miwani ya jua, natabasamu, najifanya nasoma ujumbe kwenye simu.

Kilichonifungua ni mtumbwi. Ilikuwa Novemba, mwaka juzi. Kikao cha walimu kilirefuka nikakikosa kivuko, na kule mwaloni palikuwa na mtumbwi wa injini unaita abiria wa mwisho. Nikapanda. Nilipokaa ndipo nikaanza kuona. Magunia ya dagaa yamepangwa mpaka kifuani, mbuzi wawili, kreti za soda tupu, watu wamekaa hata kwenye kingo. Majaketi ya kuokolea yalikuwapo, lakini yamefungwa fungu moja kwa kamba ya katani, yamelaliwa na magunia. Yalikuwa ya kumwonyesha mkaguzi. Nikashusha mkono nje kupima: kutoka ukingo mpaka maji, vidole vinne. Na wenyeji mnajua, ziwa la asubuhi hulala, la alasiri ndilo linaloamka.

Nikamwuliza nahodha kwa sauti ya chini kama hatujazidi. Kijana yule tunafahamiana, namfundishia mdogo wake. Akacheka: "Mwalimu, na wewe? Si ndiye unayetuombea?" Nyuma yangu mtu akadakia, "Imani haba hiyo," na mtumbwi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka nao. Nikabaki nimekaa.

Hapo ndipo ninapopataka. Nilikuwa tayari kuzama kuliko kuonekana mwoga. Hofu ya maji ilikuwa kubwa, ila ya kuchekwa ilikuwa imekaa juu yake, nayo ndiyo iliyokuwa inaniongoza. Wakati anavuta kamba ya injini mara ya kwanza, haikuwaka, likanijia neno la Zaburi ya 56 tulilokuwa tumelikariri na watoto wa shule ya Jumapili: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Nimelisema mara nyingi bila kulisikia. Daudi hakusema siku yake ya hofu imeondolewa. Anayo, anaiita yangu. Nikasimama, nikasema, "Nishusheni."

Sikushuka kishujaa, msinipambe. Nililowa mpaka magotini na kiatu kimoja kikabaki kwenye tope. Bibi mmoja mwenye kikapu cha viazi akaniambia, "Mwanangu, nishike mkono, na mimi nashuka, nilikuwa naogopa kusema." Wakashuka wengine wawili. Nahodha akakasirika, akadai nauli hairudi. Tukamwachia.

Mkitegemea niwaambie mtumbwi ule ulizama, hapana, ulifika salama, Mungu asifiwe, na Jumapili walinitania kanisani mpaka mchungaji naye akatabasamu. Nililala kwa mwalimu mwenzangu, Jumamosi nikapanda kivuko. Nyumbani mboga ilikuwa imechacha na mume wangu amenuna.

Lakini tangu siku ile nasoma habari za vyombo katika Biblia kwa macho mengine. Katika Marko sura ya 4, dhoruba imekuja, chombo kinajaa maji, na Yesu yupo katika shetri, nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Wanamwamsha: "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?" (Hilo "Mwalimu" hunigusa, maana ndivyo ninavyoitwa kutwa nzima na watoto wenye shida zao.) Kweli aliwauliza mbona wamekuwa waoga. Ila aliwauliza baada ya kuukemea upepo. Hakusubiri kwanza waache kuogopa ndipo aamke.

Na Paulo, Matendo 27, merikebu yao imepigwa na dhoruba. Malaika ameshamwambia usiogope, hakuna atakayepotea. Mtu kama mimi angesema basi, tulale. Lakini mle merikebuni wanaendelea kupima kina, pima ishirini, halafu kumi na tano, wanatupa nanga nne. Mabaharia walipotaka kutoroka na mashua, Paulo mwenyewe alimwambia akida, mkuu wa askari, kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka. Aliyekuwa na ahadi ya Mungu mkononi ndiye aliyekuwa mkali wa usalama. Wote 276 walifika pwani, wengine juu ya mbao. Siku hizi mtu akinidharau kwa kudai jaketi, namtajia mbao hizo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kumtegemea Mungu hakujaninyang'anya hofu ya maji, kumeninyang'anya aibu yake. Naomba kabla sijapanda, kwa sauti, na nikishaomba nahesabu watu. Nikiona wamezidi nasema. Nikipuuzwa nashuka. Nakaa karibu na mlango, nafunga jaketi, na anayetaka kucheka acheke. Hofu nyingine za kila siku, ada ya Januari, homa ya mtoto usiku, presha ya mama yangu kule Kwimba, nazibeba kwa staili hiyohiyo: nasema na Mungu, halafu naenda zahanati.

Wasichana wangu wa darasa la saba wamenionyesha kitu kingine. Mwezi uliopita tulikuwa nao kivukoni tukienda kwenye michezo Nansio, mmoja akanishika mkono akaona ulivyolowa. Akaniuliza, "Mwalimu, unaogopa?" Zamani ningesema ni joto. Nikamwambia ndiyo, sana. Akafikiri kidogo, akasogea karibu, akasema, "Hata mimi," tukaimba pambio zetu mpaka Bugolora, yeye akikosea maneno.

Mume wangu ananishauri nijaze fomu ya uhamisho, nihamie shule ya Nansio. Ninayo kwenye droo tangu Pasaka. Huenda nikaijaza, na sitaona nimemkimbia Mungu. Ila kwanza wapo hawa wa darasa la saba wenye mtihani Septemba, na hisabati yao bado inanitia hofu kuliko ziwa.

Mwalimu wa shule ya msingi, Ukara