Injini ndogo isiyo na plagi

Ndugu muulizaji, umeuliza kuhusu injini iliyokwama ya ndege ndogo ya mfano uliyorithi. Injini hiyo, isiyo na plagi ya kuwashia bali yenye skrubu ya kukazia mgandamizo juu ya kichwa, ni ya dizeli, jamii ya chapa za Mills na E.D. zilizotengenezwa Uingereza miaka ya 1940 na 1950. Kukwama kwake aghalabu husababishwa na mafuta ya nyonyo yaliyoganda. Ipashe joto taratibu kwa mashine ya kukaushia nywele, na koleo uiache kabatini. Huendeshwa kwa etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo, takriban kwa mafungu sawa (si dizeli ya kituoni), yachanganywe mbali na moto. Propela ikigoma ghafla unapoizungusha, usilazimishe: legeza skrubu, kwani huenda silinda imejaa mafuta, na mkono wa pistoni hupinda upesi.