Fact ni ukweli ama ni kitendo?

SWALI: Asalam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Shella hapa Malindi. Juzi nilikuwa kotini kwa kesi ya jirani yetu, ameshtakiwa ati alimficha mtu aliyeiba pikipiki, mara naskia mashtaka yanasomwa "accessory after the fact". Mi shuleni nilifunzwa fact ni jambo la kweli, sasa mtu atasaidia vipi baada ya ukweli? Kwani ukweli huwa unaisha?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Swali zuri sana hili, na wengi wameliskia hilo neno kotini wakanyamaza tu. Kilichokwisha hapo ni kitendo. Fact asili yake ni Kilatini, "factum", yani kilichofanywa, nalo limetoka kwa "facere", kufanya. Na wewe mtu wa Malindi hili ushaliskia sana kwa Wataliano wetu. Fundi akimaliza kutia kitasa mlangoni Mtaliano anamuuliza "fatto?" na fundi, ambaye Kitaliano chake amekiokota tu huko bichi, anamjibu "fatto, fatto", ishafanywa, nilipe niende zangu. Hiyo fatto ndo factum yenyewe, imelainika kwa kupita midomoni karne na karne, na Mtaliano huyo huyo akitaka kukwambia jambo fulani limetokea kweli atakwambia ni "un fatto". Neno ni moja.

Waingereza walilichukua kwenye miaka ya 1500, na mwanzo kwao lilikuwa ni kitendo, tena mara nyingi kitendo kiovu, uhalifu. Lugha ya mtaani ikasonga mbele lakini watu wa sheria hawaachi neno lao kirahisi, na sisi Kenya sheria za jinai tulizirithi kwa Waingereza, ndo maana Penal Code yetu ingali na fact ya kizamani. Kwa hivyo jirani yenu anadaiwa kwamba tendo lilipokwisha kufanyika, na yeye akijua limefanyika, alimpokea ama alimsaidia mwizi ili akwepe adhabu. Hapo kwenye "akijua" ndo pa kusikiza sana kesi ikiendelea, maana kama hakujua kitu basi kumlaza mtu nyumbani kwako peke yake si kosa hilo.

Ile maana uliyofunzwa shuleni ilikuja nyuma, kwenye miaka ya 1600. Kilichofanywa kikawa kilichotokea kweli, kisha kikawa chochote kinachojulikana ni kweli hata kama hakuna binadamu aliyekifanya, kama maji kujaa na kupwa.

Na kuna jambo lingine la kwetu hapa. Factory ni ukoo huo huo, na zamani haikuwa kiwanda cha mashine, ilikuwa kituo cha wakala wa biashara. Wareno waliofika Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 baadaye waliweka kituo kama hicho hapa mjini, kwao kinaitwa "feitoria", mzizi ni ule ule wa kufanya. Yani ukoo wa neno hili ulishafika Malindi kabla Waingereza hawajaanza kuita ukweli fact!

Kinachoniuma mimi ni hii tabia ya siku hizi, mtu anaandika maoni yake tu kuhusu fulani, hakuona, hakuweko, na chini yake watu wanajazana "fakti tupu", "fakti bro". Fakti ya nini? Nani alifanya nini, lini, na nani aliona? Kama hayo hayajulikani basi ni dhana, na dhana imeshawavunjia watu nyumba hapa pwani. Jirani yenu naye bado ni mshtakiwa, hakimu hajasema kitu, kwa hivyo nakuomba usiende barazani ukasema alimficha.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Mwanangu anaandika barua ya kuomba kazi, amemalizia "Yours truly". Nimemuuliza, kwani barua nyingine huwa za uongo?

JIBU: La, bibi. "True" ya zamani ilikuwa na maana ya mwaminifu, mtu asiyekutupa. Maana ya kitu kisicho uongo ilikuja baadaye, kama mwaka 1200 hivi. Ndugu zake ni "trust", kuaminiana, na hata "truce", ile ya wanaopigana kuwekeana ahadi ya kusimamisha vita. Kijerumani mpaka leo "treu" ni mwaminifu, na Wajerumani hao mwawajua, walikuwa na posta yao hapo Lamu kuanzia 1888 mpaka 1891, jengo lake lipo na limefanywa makumbusho. Kwa hivyo kijana ameandika kile kile ambacho sisi kwa Kiswahili twaandika "wako mwaminifu", hakukosea maana. Ila kwa barua ya kazi, kama ameanza na "Dear Sir" bila kutaja jina, iliyozoeleka Kenya ni "Yours faithfully", mwambie abadilishe kabla hajaituma.